Kicheko na Ukweli katika Filme «The General»



Kuna watu wanaodhani ya kuwa kazi ya kuchekesha haistahili kupimwa kwa akili. Ukicheka, basi imefaa, usipocheka, imeshindwa. Sisi hatukubali mawazo hayo. Kicheko nacho kina ukweli wake na uwongo wake, na mwenye kufundisha watu sherti ajue kuvitenganisha. Tutwae mfano mmoja mkubwa: filme «The General», iliyotengenezwa Marekani mwaka 1926, wakati sinema ilipokuwa haina sauti bado. Walioiongoza ni Buster Keaton na Clyde Bruckman, na Keaton mwenyewe ndiye mchezaji mkuu.

Kwanza hadithi yake. Tuko katika jimbo la Georgia, wakati majimbo ya Kusini ya Marekani yalipopigana na yale ya Kaskazini. Johnnie Gray, dereva wa gari la moshi, anapenda vitu viwili tu: mashine yake iitwayo General, na msichana Annabelle Lee. Vita vinapoanza mwaka 1861, anakimbilia kujiandikisha. Wakubwa wanamkataa, kwa sababu dereva anawafaa kuliko askari. Lakini hawamwambii sababu hiyo, na Annabelle anamdhania kuwa mwoga. Mwaka unaofuata, watu wa Kaskazini wanaiba mashine, na msichana yumo garini. Johnnie anawafuata peke yake.

Keaton alizaliwa mwaka 1895, na tangu utoto alichekesha watu jukwaani pamoja na wazazi wake. Tunaona matunda yake hapa. Johnnie anaketi kwa huzuni juu ya kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu. Mashine inaanza kwenda, chuma kinampandisha na kumshusha, naye hana habari. Mahali pengine amekaa mbele kabisa ya mashine, amekumbatia gogo zito, na gogo jingine limelala juu ya reli mbele yake. Analipiga lile kwa hili, yote mawili yanaruka kando, na njia ni wazi. Ni chuma kweli, ni mtu kweli, na kamera iko mbali kidogo kusudi tuone yote. Hata daraja linalovunjika lilivunjika kweli: mwezi wa Julai 1926, karibu na Cottage Grove katika jimbo la Oregon, mashine nzima ilipitishwa juu ya daraja lenye kuwaka moto, ikatumbukia mtoni. Tena kicheko hiki hakimdharau mnyonge. Kinachochekwa ni majivuno ya vita: Johnnie anainua upanga kama jemadari, na ubao wa upanga unachomoka mpinini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kasoro. Hadithi hii ina asili ya kweli. Tarehe 12 Aprili 1862, James Andrews na wenzake wa upande wa Kaskazini waliiba mashine hiyo huko Georgia. Andrews na wengine saba walikamatwa, wakanyongwa. Mmoja wa waliopona, William Pittenger, aliandika kitabu, na Keaton alikitumia kitabu hicho. Lakini aliigeuza hadithi: shujaa akawa mtu wa Kusini. Baadaye alieleza kwamba watazamaji wasingekubali kuona watu wa Kusini wakifanywa wabaya.

Sasa, Kusini ilipigania nini? Ilijitenga kusudi ilinde utumwa. Katika hesabu ya mwaka 1860, Georgia peke yake ilikuwa na watumwa zaidi ya 460,000, karibu nusu ya watu wote wa jimbo. Katika hadithi ya Johnnie hawana sehemu yoyote.

Mtu atasema: ni mchezo tu, si somo la historia. Tunajibu: Keaton mwenyewe alitaka mashine na mavazi ya askari yafanane na yale ya wakati ule. Aliyejitaabisha hivyo kwa ajili ya chuma na vitambaa anaweza kuulizwa habari za watu. Aliogopa kuwachukiza watazamaji, na kwa woga huo aliwaacha nje wale ambao vita vilipiganwa juu yao.

Filme ilipotoka, wakosoaji wengi hawakuipenda, wala haikuleta faida iliyotumainiwa. Mwaka 1928 Keaton aliingia kazini kwa kampuni MGM, akapoteza uhuru wake. Leo filme hii inaheshimiwa sana; mwaka 1989 iliwekwa kati ya filme 25 za kwanza ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani ilizichagua kulindwa. Heshima hiyo ni ya haki, nasi hatushauri kuificha. Mwenye kuwaonyesha vijana aionyeshe yote, nao wacheke sana. Kisha awaulize swali moja: wale watu 460,000 wako wapi? Wasipoulizwa, watatoka chumbani wakidhani Georgia ya wakati ule ilikuwa nchi ya wapenzi na magari ya moshi tu.