Singe Ina Tarehe, Mpagazi Hana Jina

Singe ni kile kisu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Kuna watu duniani wanaokusanya singe za Wajerumani za Vita vya Kwanza, na wanazisoma herufi kwa herufi. Chukua modeli ya S98/05. Karibu na mpini utapata jina la kiwanda, pengine Simson wa Suhl ama Alex Coppel wa Solingen. Kwenye mgongo wa kisu, mara nyingi kuna taji, herufi W ya Kaisari Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka: 15, 16, 17. Kama mpini una bamba la chuma la kukinga mbao na moto wa risasi, mkusanyaji anajua kwamba bamba hilo lilianza vita vikiwa vimeshika kasi. Kama meno ya msumeno yamesagwa yakaisha, anajua hiyo ni amri ya mwishomwisho wa vita. Mpini ukiwa chuma kitupu, bila mbao, basi ni singe ya kuziba pengo, ya wakati viwanda vilikuwa vimelemewa.

Ni rahisi kuwacheka. Nani ana muda wa kubishana kuhusu skrubu? Lakini ukweli ni kwamba huo ni usomaji makini. Wanakataa kusema “singe ni singe tu.” Kila moja ina mahali ilipotoka, mwaka wake, na mkono ulioitengeneza.

Sasa njoo tao, Kenyatta Avenue, usome kazi nyingine ya vita hivyohivyo. Wale watu watatu wa shaba tunaowapita tukikimbilia matatu wamesimama pale tangu miaka ya 1920. Mchongaji ni James Alexander Stevenson, aliyechonga pia yule askari wa Dar es Salaam anayeelekeza singe yake upande wa bandari. Kati ya hawa wetu watatu yuko mpagazi, mtu wa Carrier Corps. Kama sanamu, sina neno. Miili ina uzito, na hakuna anayepiga magoti mbele ya mzungu.

Shida yangu ni maandishi. Yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, halafu yanamalizia kwa kumwahidi msomaji kwamba akipigania nchi yake na akafa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka hiyo sanamu mara tatu. Utafute jina moja la marehemu. Hakuna.

Miguu na mikono, sawa. Kichwa je? Sentensi iliyokusudiwa kuwaheshimu imewakatakata vipande, ikabakisha vile jeshi lilivyohitaji.

Na Kipling alijua thamani ya jina kuliko wengi. Mwanawe, John, alipotea vitani kule Loos, Ufaransa, mwaka wa 1915, na baba akafa bila kujua kaburi la mwanawe. Aliifanyia kazi tume ya Uingereza ya makaburi ya vita. Jina la John liliandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu kulekule Loos. Mtoto wake alipata mstari wake, herufi kwa herufi. Mpagazi wetu akapata ahadi.

Utaniambia: walikuwa wengi mno, nani angewajua wote? Lakini wapagazi waliandikishwa na kupewa nambari. Jeshi lilitaka kujua nani ametoroka na nani alipwe. Baada ya vita, wakubwa waliamua kwamba makaburi ya wapagazi yasitunzwe moja moja, sanamu za pamoja zitoshe. Mwaka wa 2021, ripoti ya tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwamba iliwezekana, panda gari la Ngong Road ushuke kwenye makaburi ya vita. Mengi ni ya Vita vya Pili. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, na Waafrika pia wamo, jina, nambari, kikosi. Jiwe kama hilo halikuhitaji mshairi. Lilihitaji karani na orodha.

Ndiyo maana nawaonea wivu wakusanyaji wa singe. Kisu kilichotengenezwa haraka Solingen mwaka wa 1917 kimepata watu wa kukisoma hadi mkwaruzo wa mwisho. Mwanaume aliyechukuliwa mwaka huohuo kijijini kwao, akabebeshwa mzigo mpaka akafa kwa kuhara ama njaa, nyumbani hawakuambiwa hata ni lini. Kuna familia hapa Kenya zinazojua tu kwamba guka alienda Kariokor, akakosa kurudi.

Hata hilo Kariokor ni “Carrier Corps” iliyotafunwa na midomo yetu, ikawa mtaa, ikawa soko la viondo na nyama choma. Watoto walitimiza upande wao wa ahadi kwa jina pekee waliloachiwa, na hilo lilikuwa jina la kikosi.