Saikati: Kati ya Boma na Hoteli

Filamu ya Saikati, iliyoongozwa na Anne Mungai mwaka 1992, aghalabu huhakikiwa kama kisa cha mgongano wa mila na usasa. Msichana wa Kimaasai anayetamani kuwa daktari anapangiwa kuolewa na mwana wa chifu. Anatorokea Nairobi na binamu yake, Monica, na huko anagundua kwamba Monica huishi kwa kuuza mwili. Kwa mujibu wa uhakiki huo, kijiji ni Uafrika, jiji ni Umagharibi, naye Saikati hana budi kuchagua. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo unaificha hoja nzito zaidi ya filamu yenyewe.

Tuzingatie muundo wake. Kijijini, ndoa hupangwa pasi na ridhaa ya Saikati. Jijini, Monica humvika mavazi ya kigeni na kumtia katika usuhuba wa watalii wa Kizungu, na safari yao huishia katika hoteli ya Maasai Mara, yaani katika nchi ileile aliyoikimbia. Mzunguko huu si wa kubahatisha. Boma na hoteli, licha ya kutofautiana kwa lugha na mavazi, hukutana katika jambo moja: humkadiria msichana thamani kabla yeye hajanena. Aidha, katika kila hali anayemsukuma ni jamaa yake wa damu. Kwa hiyo hii ni tamthilia ya ukoo kabla ya kuwa mjadala wa tamaduni.

Hata hivyo, kuna utata ambao filamu haiukabili. Shule, ambayo ndiyo tegemeo la Saikati, nayo ilitokana na wamisionari na wakoloni. Jina la filamu iliyofuata, Saikati the Enkabaani, linajibu kwa kiasi fulani: enkabaani ni neno la Kimaasai la tabibu wa kike. Elimu iliyotoka ugenini imepewa jina la nyumbani.

Kwa msomaji wa Kajiado, suala hili si la nadharia tupu. Huko Kimana, karibu na Amboseli, ambako hifadhi ya wanyama ya jamii ilifunguliwa mwaka 1996, maboma na kambi za watalii hupakana. Mjini Kajiado, shule ya wasichana ya AIC imejulikana kwa kuwapokea wanaokimbia ndoa za mapema, ndoa ambazo Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilizipiga marufuku. Lakini sheria humwokoa msichana na arusi tu. Haimpatanishi na wazazi wake.

Kazi hiyo ya upatanisho ndiyo anayoachiwa Saikati mwishoni, anapoamua kurejea kwao. Anayeuona uamuzi huo kuwa ni kusalimu amri bado amefungwa na ule uchaguzi wa pande mbili. Saikati harejei ili aolewe. Anarejea kudai haki ya kusikilizwa katika boma alimozaliwa.