Nipe Mji

Mkutano wa wavuvi ukiitishwa Munje, pwani ya Msambweni nchini Kenya, watu hufika wakiwa wamekwisha kujipanga wenyewe. Wazee huchukua viti vya mbele. Vijana waliorudi kutoka baharini asubuhi huketi nyuma karibu na njia, macho mazito kwa usingizi. Akina mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuwauza mitaani, hutandika mkeka upande wao. Mwezeshaji akirukia ajenda hapo hapo, yatakayofuata yanajulikana: watazungumza wazee wawili watatu, mwenye chombo mmoja ataunga mkono, mtu wa nyuma ataulizia nauli, na watu watatawanyika. Ajenda imekwisha, shauri lenyewe halijaguswa.

Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wanaojua kukifungua kikao kwa mchezo. Wengi huwaona kama watumbuizaji wa kujaza dakika kumi kabla ya chai. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za siku hiyo, na anayeiweza ni fundi kama alivyo fundi wa kuunda mashua.

Tazama waliokusanywa. Kanuni za mwaka 2007 zilizounda vikundi vya usimamizi wa fuo, hizi BMU tunazozijua, ziliwaweka katika kikundi kimoja wenye vyombo, mabaharia na wachuuzi. Kwenye karatasi wote ni wanachama sawa. Lakini baharia hapingani na tajiri wake mbele za watu, kwa kuwa kesho alfajiri ni tajiri huyo huyo atakayempa chombo, na huenda bado anamdai pesa za mwezi uliopita. Mama karanga hununua samaki kwa tajiri yule yule, mara nyingine kwa mkopo. Ongeza kwamba mtu anaweza kumkuta mama mkwe wake kwenye mkeka ule, na adabu ya Kidigo haimruhusu kupayuka mbele yake. Kisha mada ya siku ni juya. Wavu huo ulipigwa marufuku nchini mwaka 2001, lakini pwani yetu ungali ukivutwa, na wanaouvuta wana watoto wa kulisha. Nani ataanza kusema?

Fundi hamwambii mtu aanze kusema. Anaita: Kitendawili! Na hata mzee aliyekunja uso hujikuta amejibu: Tega! Jibu hilo limo mdomoni mwake tangu utotoni, halingoji ruhusa. Hapo sauti ya kila mmoja imekwisha kusikika mara moja, na aliyesikika mara moja si mzito tena mara ya pili.

Utamu wenyewe uko kwa anayeshindwa. Kwetu asiyelijua jibu haaibiki, hutoa mji. "Nipe mji," mtegaji anadai. "Chukua Vanga." Anakataa, Vanga hautaki. "Chukua Lunga Lunga." Huo nao hautaki. Watu wanaanza kumshauri, huyu anasema toa Ukunda, yule anasema usimpe Ukunda, una hoteli. Mwisho anapewa Mombasa na anaikubali, anaeleza jinsi alivyoingia humo akala na kunywa, ndipo anatoa jibu. Nimemwona mama karanga akimtoza tajiri Mombasa nzima, na tajiri akaitoa huku akicheka hadi akashika mbavu. Hakuna deni lililofutwa pale. Lakini mama yule alikuwa amemdai tajiri kitu mbele ya kadamnasi, akapewa. Baadaye, bei ya samaki ilipofika mezani, alizungumza bila kuinamisha kichwa. Sijaona semina ya kuwajengea wanawake ujasiri iliyofanya zaidi ya hapo kwa muda mfupi kama ule.

Upo mchezo wa nyama ambao watoto wa shule Kenya nzima wanaujua: kiongozi anataja mnyama, na kama analiwa wote wanaitikia. Fundi wa pwani huugeuza wa bahari, na kuitikia ni kwa kofi. Changu! Kofi. Tafi! Kofi. Pweza! Kofi kubwa, hasa kutoka kwa akina mama wanaomfuata miambani maji ya bamvua yanapotoka. Bunju! Kimya, na atakayepiga kofi amejilisha sumu. Kisha, bila kubadilisha sauti, anataja kasa. Hapo baadhi ya wazee hupiga kofi, vijana hawapigi, na watu hugeukiana. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, lakini wazee wale walikua wakimla. Bila mtu kushtakiwa, bila afisa kusoma kifungu, kikao kimeingia katikati ya shauri lake: nini kimebadilika baharini, na nani aliamua. Mchezo uliochaguliwa vizuri huwa umekwisha kuanza kazi watu wakidhani bado wanacheza.

Michezo mingi iliyomo kwenye vitabu vya mafunzo haifai hapa. Kushikana mikono mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake, kukumbatiana, kurukaruka mbele ya wakwe, kumtaka mzee mwenye magoti mabovu achuchumae: hayo huwafunga watu badala ya kuwafungua. Mwezi wa Ramadhani huwezi kumkimbiza mtu mchana kwenye jua. Na dua hutangulia kila kitu. Mgeni anayeanza kwa kupiga makofi kabla ya dua amekwisha kuwapoteza nusu ya wazee.

Wengine wameufikiria ufundi huu kwa uzito kabla yetu. Anne Hope na Sally Timmel walifanya kazi Kenya miaka ya 1970, wakifuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazili, na vitabu vyao vya Training for Transformation vilivyotoka Zimbabwe mwaka 1984 vinauchukulia mwanzo wa kikao kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Tanzania nako, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Redio ingeweza kuwafundisha habari ya vyoo na malaria, lakini kumfanya jirani amjibu jirani ilikuwa kazi ya aliyekaa nao.

Mchezo ukikolea, fundi huugeuza kuwa mgawanyo. Anawahesabu watu kwa majina ya samaki, tafi, changu, pono, tafi, changu, pono, kisha tafi wanakutana chini ya mwembe na changu wanahamia kwenye kivuli cha banda. Mabaharia waliokuja pamoja wametengana, tajiri amejikuta pono pamoja na mama karanga na kijana wa miaka 20, na hakuna aliyeamrishwa kukaa na mwenzake. Mazungumzo ya kundi huanza na kijana, kwa sababu kila kundi limeambiwa mdogo wa umri ndiye atakayesimama kueleza waliyokubaliana. Na kabla watu hawajaagana, fundi huuliza nani atakayetega katika mkutano ujao. Siku hiyo fundi mwenyewe atakaa kwenye mkeka na wengine, akijiandaa kutoa mji.