Airisi Nyeusi ya Chini ya Ukuta

Mwezi wa pili kusini mwa Uingereza bustani nyingi ni matope na vijiti vitupu. Lakini penye ukuta wa matofali unaotazama kusini, kwa mtu anayeijua kazi yake, kuna jamaa wa airisi anayechanua wakati huo wa baridi, na mpita njia mwenye haraka anaweza kumpita asimwone. Ua lake ni la kijani kilichoingia unjano, na ncha za petali tatu za nje ni nyeusi kama mahameli. Liinue kwa kidole dhidi ya jua: ile sehemu ya kijani inapitisha mwanga, ile nyeusi inaumeza wote. Ukiinama zaidi utapata harufu ya asali. Kila shina hubeba ua moja tu. Hata majani yanastahili kuguswa, kwani ukiyaviringisha kati ya vidole unahisi pembe nne.

Kwao ni nchi za Mediterania, Ufaransa ya kusini, Italia, Ugiriki, kwenye mashamba ya mizeituni na miteremko ya mawe. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita mmea huu Iris tuberosa mwaka 1753. Mwaka uliofuata Philip Miller, msimamizi wa bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, London, aliutenga na airisi akaupa jenasi ya peke yake, Hermodactylus. Tofauti iko kwenye ovari: ya airisi nyingine ina vyumba vitatu. Ya huyu ina kimoja. Siku hizi uchunguzi wa vinasaba umemrudisha kwa ndugu zake, ingawa wauza mimea wengi wangali wanaandika jina la Miller.

Viazi vyake ni virefu, vimeachana kama vidole vya tangawizi. Hupandwa mwezi wa tisa, kina cha sentimita 8 hadi 10, katika udongo wenye chokaa na changarawe ya kutosha ili maji yasituame. Majani hutoka kabla ya baridi kali na kuistahimili. Si ajabu msimu wa kwanza ukaisha kwa majani matupu.

Kazi kubwa, ninayoistahi sana, huja baada ya maua kwisha. Majani yanalegea, yanageuka manjano, yanaharibu sura ya bustani, na mkono unawasha kuyakata. Mtunzaji hodari huyaacha, maana ndiyo yanayokilisha kiazi kwa ajili ya mwaka ujao. Kisha yanakauka, na chini ya ukuta hubaki ardhi tupu kiangazi kizima. Jirani zake wote wananyweshwa maji jioni. Yeye anatakiwa aokwe na jua akiwa mkavu, kama alivyozoea kwao. Nimeona watunzaji wanaozungusha mpira wa maji kwa uangalifu wa ajabu, tone lisifike pale, na wasiopanda juu yake ua lolote lenye kiu hata kama pengo hilo linawaudhi kila wakifungua dirisha. Kuacha mahali patupu, ukijua kilichomo, ni ustadi ambao vitabu vya bustani huutaja kwa sentensi moja.

Konokono nao wanayapenda machipukizi, kwa hiyo kuna kuwatafuta usiku kwa tochi.

Pakipita miaka, viazi husongamana na maua hupungua. Hapo ndipo kijembe kinaruhusiwa, katikati ya kiangazi, majani yakiwa yamekauka kabisa. Fungu zima huinuliwa, udongo ukung'utwe, vidole vitenganishwe kwa mkono bila kisu, kila kimoja kikiwa na jicho lake. Vinene hurudi chini ya ukuta ule ule. Vyembamba huwekwa kwenye chungu chenye changarawe, mahali pa jua, vinenepe kwanza misimu kadhaa kabla ya kudaiwa ua.