Namna kobalti ilivyozuiliwa mpakani kwa karatasi

Jumamosi ya tarehe 22 Februari 2025, mamlaka ambayo watu wengi wa Katuba, hapa Lubumbashi, hawakuwa hata wamesikia jina lake ilifunga njia ya kobalti ya Kongo. ARECOMS, chombo cha serikali kinachodhibiti soko la madini ya kimkakati, kilisimamisha kwa miezi minne kupeleka nje kobalti yote, iwe imetoka kwenye mgodi mkubwa wa mitambo au kwenye shimo la mchimbaji wa mkono. Jumatatu yake habari zikasambaa duniani. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia iliacha kuuza, na sahihi iliyoko chini ya uamuzi ule ni ya Patrick Luabeya, mkuu wa mamlaka hiyo.

Magazeti yalishughulika na bei. Mimi naona kitu cha kusoma kwa makini ni karatasi yenyewe, maana zuio la namna hii haliletwi na polisi wala askari wa forodha. Linaletwa na wanasheria wa ofisi za udhibiti, watu ambao hatuwaoni mahakamani wala kwenye televisheni, na kazi yao karibu yote inamalizika kabla bosi hajashika kalamu.

Uamuzi wa kiutawala katika nchi yetu una umbo lake, tulilorithi kwa Wabelgiji, na halijabadilika sana. Kwanza huja mlolongo wa "kwa kuzingatia": Katiba, sheria, amri za Waziri Mkuu, kila moja na namba na tarehe yake. Kisha "kwa kuwa", yaani sababu. Mwishoni ndipo vinapokuja vifungu, na kwa kawaida ni vifupi. Msomaji wa kawaida huruka juu na kwenda moja kwa moja kwenye vifungu ili ajue amekatazwa nini. Mwanasheria wa utawala husoma kwa kutulia pale juu, kwa sababu uamuzi huanguka kutokea huko.

Tuusome basi huo mlolongo wa kobalti. Chini kabisa iko Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyofanyiwa marekebisho makubwa tarehe 9 Machi 2018. Marekebisho hayo ndiyo yaliyoingiza wazo la madini ya kimkakati: serikali inaweza, kwa amri ya Waziri Mkuu iliyojadiliwa katika Baraza la Mawaziri, kuyatangaza madini fulani kuwa ya kimkakati kulingana na hali ya uchumi, na kuanzia hapo uchimbaji na biashara yake vitafuata kanuni za peke yake. Tarehe 24 Novemba 2018 amri ikatoka: kobalti, jermani na koltani. Wenye migodi walipiga kelele wakati ule kwa sababu ya fedha, kwani mrabaha wa madini ya kimkakati ni asilimia 10. Wachache waliona kwamba amri ileile ilikuwa imefungua mlango mwingine. Novemba 2019 ARECOMS ikaundwa. Kisha mapema mwaka 2025 Waziri Mkuu Judith Suminwa Tuluka na waziri wa madini wa wakati huo, Kizito Pakabomba, wakatia sahihi amri inayoipa mamlaka hiyo uwezo wa kuchukua hatua za muda kwenye mauzo ya nje soko linapoyumba, kusimamisha kukiwemo.

Hiyo amri ya 2025 ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika jambo hili, na mwandishi wake hatutamjua kamwe. Bila hiyo, ARECOMS ingekuwa imetumia jina lake pana, "udhibiti wa soko", kujipa nguvu ambayo haikuandikwa popote. Kampuni yoyote yenye wakili mzuri ingeuliza swali moja tu: ni nani aliyekupa uwezo wa kuufunga mpaka? Swali hilo lilijibiwa kabla halijaulizwa.

Sababu nazo hazikuhitaji kupambwa. Kobalti ilikuwa imejaa sokoni hadi bei ikaanguka chini ya dola 10 kwa ratili. Kampuni moja ya Kichina, CMOC, inayoendesha migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu kule Lualaba, ilizalisha zaidi ya tani 114,000 mwaka 2024, zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia. Wachumi hutoa takwimu kama hizo kwa jedwali. Mwanasheria anapaswa kuzigeuza ziwe sababu, yaani aonyeshe kwamba hali ni hii, madhara kwa nchi ni haya, na hatua inayochukuliwa inalingana nayo. Hatua ikizidi sababu, jaji wa utawala ana pa kuishikia.

Vifungu vya uamuzi ule vimebana, nami navipenda kwa ajili hiyo. Muda: miezi minne, na tathmini baada ya miezi mitatu ili kuamua kama zuio liendelee, libadilishwe au liondolewe. Muda huo ni ngao. Zuio lisilo na mwisho linafanana na kunyang'anya haki ya mwenye leseni, ilhali zuio la miezi minne ni hatua ya muda, na hatua za muda ndizo amri iliyoziruhusu. Halafu wigo: kila asili ya kobalti, ya kiwandani na ya mkono. Kama wangewaacha wachimbaji wadogo, kampuni zingelia upendeleo. Kama wangezibana kampuni tu, magunia ya kobalti ya migodini yangetafuta njia ya mashimo. Kuwabana wote pamoja kulikuwa na uchungu kwa mchimbaji wa Kolwezi anayekula alichouza leo, na sitaki kulipita hilo haraka haraka, ila kwa upande wa sheria usawa ulikuwa umetimia.

Kuna neno moja ambalo halimo kwenye zuio: shaba. Katika ardhi yetu kobalti na shaba hukaa kwenye mawe yaleyale, na kobalti hutoka kama zao la pembeni wakati kiwanda kinatafuta shaba. Zuio lingeandikwa kwa mgodi au kwa mwenye leseni, shaba nayo ingekwama, na Katanga yote ingeyumba. Liliandikwa kwa bidhaa inayovuka mpaka. Viwanda viliendelea kufanya kazi, kobalti ikarundikwa maghalani, na malori ya shaba yakaendelea kushuka hadi mpaka wa Kasumbalesa kama kawaida. Dereva wa Katuba aliyepata safari mwezi Machi aliipata kwa sababu ya uchaguzi huo wa maneno.

Ili kuona ubora wa kazi hii, inafaa kukumbuka ile ambayo ilivunjika, nayo Katuba inaikumbuka vizuri zaidi kuliko kobalti. Kuanzia Septemba 2020 mamlaka nyingine ya udhibiti, ARPTC ya posta na mawasiliano, ilianza kutoza kile kilichoitwa RAM, yaani daftari la simu za mkononi. Mwenye simu ya 2G alitakiwa kulipa dola 1 kwa mwaka, mwenye 3G au 4G dola 7, na fedha zilikatwa kwenye salio. Unaweka franka zako ili umpigie shangazi Likasi, kabla hujabonyeza namba salio limeshapungua, na ujumbe mfupi unakushukuru kwa malipo ambayo hukuwahi kuyakubali.

Watetezi wa RAM walisema si kodi, ni malipo ya huduma: tunaisajili simu yako, tunakulinda dhidi ya simu bandia na za wizi. Hapo ndipo penye kiini cha sheria ya utawala. Malipo ya huduma yanaweza kuwekwa kwa amri au kanuni, mradi kuna huduma ya kweli inayomrudia anayelipa, na kiwango kinafanana na gharama yake. Kodi ni jambo jingine. Kifungu cha 174 cha Katiba ya 2006 hakina utata: hakuna kodi pasipo sheria, na sheria hutungwa na Bunge. Sasa, kama ni huduma, kwa nini simu ya 4G isajiliwe kwa bei mara saba ya simu ya kitochi, wakati namba ya utambulisho inayoandikwa kwenye daftari ni ileile? Na kwa nini ilipwe upya kila mwaka? Kiwango kilikuwa kinafuata uwezo wa mwenye simu, na malipo yanayofuata uwezo wa mtu yana harufu ya kodi hata ukiyapa jina gani. RAM ilisimama juu ya amri na maagizo ya serikali pale palipohitajika sheria ya Bunge. Mwaka 2021 waziri wa posta na mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, alibanwa bungeni kwa maswali na kelele, na mwisho wa Februari 2022 ukatangazwa ukomo wa makato hayo. Hasira za watu ndizo zilizoimaliza, si hukumu, lakini hasira zilipata pa kukanyagia kwa sababu msingi wake ulikuwa mbovu.

Kuna anayesema ARECOMS ilifaulu kwa kuwa ilipambana na kampuni za kigeni, na ARPTC ikashindwa kwa kuwa iligusa mifuko ya raia. Siasa zina sehemu yake, sikatai. Hata hivyo kampuni za kobalti zina mawakili wengi kuliko Katuba nzima, na hazikupata ufa wa kupenya. Walichofanya wakubwa wawili wa kobalti ni kutangaza kwa wateja wao kwamba wamezuiwa na nguvu iliyo nje ya uwezo wao. Ukitangaza hivyo kwa mteja wako, tayari umeukubali uamuzi kama ukweli wa kisheria.

Tarehe 21 Juni 2025 zuio likaongezwa miezi mitatu, kwa sababu ileile: akiba iliyokuwa sokoni bado ilikuwa kubwa. Septemba likaja badiliko la kweli. Zuio lingeisha tarehe 15 Oktoba, na kuanzia tarehe 16 kungekuwa na mgao: tani 18,125 kwa sehemu iliyobaki ya 2025, yaani 3,625 kwa Oktoba na 7,250 kwa kila mwezi wa Novemba na Desemba, halafu tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vivyo hivyo 2027. Kila kampuni ingepata kulingana na ilivyouza nje miaka iliyopita.

Kwenye mgao naona kazi ya wanasheria imekuwa ngumu, na maandishi yao hayakubana kama mwanzo. Kuzuia kila mtu ni rahisi kuliko kugawa. Ukizuia, wote wako sawa. Ukigawa, kila mtu anapimwa kivyake, na kila kipimo kina anayeumia. Kipimo cha historia ya mauzo kinampendelea aliyeuza sana, ambaye kwa kiasi kikubwa ndiye aliyelijaza soko hadi bei ikaanguka: CMOC ilipata sehemu kubwa kuliko wote, Glencore ikafuata. Mgodi uliokuwa ukijengwa au kukarabatiwa katika miaka hiyo una historia fupi ambayo haifanani na uwezo wake. Hayo ni malalamiko ya kweli na yana mahali pa kwenda. Tangu sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 iliyoupanga mfumo wa mahakama za utawala, uamuzi wa mamlaka ya kitaifa kama hii unapelekwa Conseil d'État. Lakini kwanza mlalamikaji anapaswa kuiandikia mamlaka yenyewe ndani ya miezi mitatu, aiombe irudi nyuma au ibadilishe. Wengi hufia hapo. Wanapiga simu, wanatuma wajumbe Kinshasa, wanakula chakula cha mchana na wakubwa, na barua yenyewe hawaiandiki. Miezi ikipita, uamuzi unakuwa mgumu kama saruji.

Kisha likaongezwa sharti jingine, mwisho wa mwaka 2025, kwa waraka wa mawaziri: msafirishaji alipe mapema mrabaha wa asilimia 10 ndani ya saa 48, ndipo apate cheti cha kumruhusu. Mzigo ukakwama maghalani ingawa mgao ulikwisha kufunguliwa. Hapa nina mashaka. Waraka ni chombo cha kueleza kanuni zilizopo kwa watumishi na kwa wahusika, na mrabaha wenyewe uko kwenye sheria. Lakini saa ya kuulipa na adhabu ya kuchelewa si maelezo tena. Ni wajibu mpya. Mtu aliyeipitia RAM angekuwa mwangalifu zaidi na chombo cha namna hiyo.

Na bado kuna tani 9,600. Katika zile 96,600 za mwaka, 87,000 ndizo zinazogawiwa kwa kipimo cha historia. Zilizobaki ziko mikononi mwa ARECOMS yenyewe, izipe miradi inayoiona kuwa ya kimkakati kwa taifa. Uhuru wa kuchagua si kosa. Mamlaka ya udhibiti bila uhuru kidogo haiwezi kufanya kazi. Ila uhuru huo unahitaji vigezo vilivyoandikwa na sababu zinazotolewa kila tani inapotoka, kwa sababu mwanasheria wa kampuni iliyonyimwa hataanza kusoma kwenye kifungu cha kwanza. Ataanzia hapo.