Mtego wa Majina katika Hadithi za Bwana Msa

Wahakiki wamezoea kumpima Muhammed Said Abdulla kwa kipimo cha Conan Doyle: Bwana Msa na kiko chake ni Holmes, Najum ni Watson, basi shauri limekwisha. Kipimo hicho hakiuoni mzaha anaofanyiwa msomaji tangu kwenye jalada. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni jina linaloahidi pepo. Kinachotolewa ni mauaji ya mkono wa binadamu, nayo hufumbuliwa kwa akili. Kisima cha Giningi (1968) chacheza zaidi, maana kwa Mzanzibari Giningi ni makao ya wachawi. Msomaji hunaswa kwa imani yake mwenyewe.

Lakini msomaji yupi? Tuchukue wa Biliqo, huko Isiolo, ambako lugha ya nyumbani ni Kiborana. Giningi haimtishi. Neno lenye uzito kwake ni kisima: kwa Waborana kisima kina wenyewe, kina zamu, na kina abba herega, msimamizi wa zamu hizo. Yamkini atatafuta mgomvi kabla ya kutafuta mchawi, na hivyo kufika mapema mahali ambapo Najum hufikishwa kwa taabu. Kinachompotea, naona, ni kicheko, wala si fumbo.

Mwalimu anayetangulia kumweleza Giningi humpa mtego uliokwisha fyatuka. Afadhali amwache asome kwanza, kisha amwulize anamshuku nani, na kwa nini.