Chambo Kizuri na Samaki Asiyekula

Katika maktaba yangu kuna rafu moja ambayo wageni huitazama mara mbili. Ni rafu ya vitabu vya uvuvi wa samoni na stilihedi, samaki ambao mito yetu haijawahi kuwaona wakipanda kutoka baharini. Vingine nilivinunua katika maduka ya vitabu vikuukuu mjini Nairobi, vingine vililetwa na mwanangu anayeishi katika jimbo la Washington, pwani ya magharibi ya Marekani. Nimevisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanachuo wangu: kalamu mkononi, nikitafuta si kile mwandishi anachokiamini bali sababu anazozitoa. Watu wengi huvisoma kwa starehe, na sina ugomvi nao. Lakini yamkini si vibaya mtu mmoja akavisoma kwa ukali kidogo.

Kwanza nimjulishe msomaji samaki mwenyewe. Stilihedi ni yule yule trauti wa upinde wa mvua aliyepandikizwa katika mito ya Mlima Kenya zama za ukoloni, isipokuwa huyu huteremka baharini angali mdogo, hukaa huko miaka kadhaa, kisha hurudi katika mto aliozaliwa akiwa na kilo nne, tano au hata zaidi, aking'aa kama sarafu mpya. Wale wa majira ya baridi huanza kupanda mito ya Washington na British Columbia tangu Novemba hadi Aprili. Upande wa pili wa dunia, huko Scotland, msimu wa samoni katika mto Tay hufunguliwa tarehe 15 Januari, wakati ukingo wa mto ungali na barafu. Samoni huyo wa Atlantiki akishaingia mtoni huacha kula, na utumbo wake husinyaa. Stilihedi wa majira ya baridi naye hula kidogo mno. Huyo basi ndiye kiumbe unayetakiwa kumshawishi kwa ndoana iliyovikwa manyoya.

Ningetarajia jambo hilo moja liwafanye waandishi wanyenyekee. Samaki hana njaa. Chambo hakifanani na mdudu wowote anayemjua. Hata sababu inayomfanya akidake haijapata jibu ambalo wataalamu wote wanalikubali. La hasha! Ni hapo hasa ambapo vitabu hunenepa. Kurasa baada ya kurasa huorodhesha vyambo kwa majina, rangi, mto na hali ya hewa, kwa uhakika ambao mwalimu wa sayansi angeuonea haya.

Baba wa tabia hiyo, kwa maoni yangu, ni George Kelson, aliyetoa kitabu chake *The Salmon Fly* mwaka 1895. Ukikisoma kama kitabu cha ufundi wa mikono, ni kazi ya kustahiwa. Chambo kiitwacho Jock Scott, kilichobuniwa katikati ya karne ya 19, kinatosha kuwa mfano: nusu ya nyuma ya mwili ni hariri ya manjano, nusu ya mbele ni hariri nyeusi, uzi wa fedha umezungushwa, katikati kuna manyoya ya kifua cha tukani na shada jeusi la mbuni, na bawa lake limeunganishwa kwa vipande vyembamba vya ndege wa mabara mbalimbali. Mafundi waliokifunga walikuwa na vidole vya sonara. Lakini Kelson hakutaka tukisome hivyo tu. Alitaka tuamini kwamba mpangilio huo ni elimu ya samaki, kwamba unyoya huu badala ya ule ndio uletao tofauti. Na ushahidi? Kwamba fulani alikitumia akapata. Mwanachuo angeniletea hoja hiyo ningemrudishia karatasi.

Hebu tuipime hoja yenyewe. Mvuvi anakipenda chambo cheusi. Kwa kuwa anakipenda, anakitumia siku tisa katika kila kumi. Mwisho wa msimu amepata samaki kumi, na tisa wamenaswa na kile cheusi. Anaandika: cheusi ndicho bora. Lakini hesabu hiyo haikusema lolote kuhusu cheusi. Imesema tu kwamba ndicho kilichokuwa majini. Tena katika uvuvi wa majira ya baridi mtu huweza kurusha siku tatu au nne bila kuguswa hata mara moja, hivyo samaki wake wa msimu mzima huhesabika kwa vidole. Kujenga kanuni juu ya idadi hiyo ni sawa na mtahiniwa anayeiheshimu kalamu aliyofaulia mtihani wa mwaka jana.

Watetezi wana jibu, nami nalikubali nusu. Husema kwamba mvuvi anayekiamini chambo chake huvua vizuri zaidi: hakati tamaa, haondoi mshipi mapema, huwa makini hadi mwisho wa kila mrusho. Ni kweli kabisa. Ila hiyo ni sifa ya mvuvi, wala si ya manyoya, na kitabu chenye uaminifu kingeiandika katika sura inayohusika.

Kuamini si kosa dogo lisilo na gharama. Mahitaji ya vyambo vile yalitafutiwa ndege wa misitu ya Amerika ya Kusini na Asia, na maelezo ya Kelson yamebaki kuwa kama msahafu kwa mafundi wanaofunga mitindo ya zamani hadi leo, ingawa wengi wao hawavui navyo. Huviweka ndani ya fremu. Juni 2009 kijana mmoja mwanafunzi wa muziki alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akachukua ngozi 299 za ndege, baadhi zikiwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya 19 pamoja na maandishi ya mahali na tarehe. Manyoya mengine yaliuzwa kwa mafundi wa vyambo. Kirk Wallace Johnson amekisimulia kisa hicho katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, na nakipendekeza kwa yeyote anayedhani mapambo ni jambo lisilodhuru. Ngozi iliyotenganishwa na karatasi yake ya maelezo haiwezi tena kumfaa mwanasayansi ipasavyo, hata ikirudishwa.

Dawa ya Kelson ilipatikana katika mto Dee, Scotland. A. H. E. Wood alikuwa akivua huko kwa vyambo vichache, vyembamba na vyenye nguo kidogo, akafika hata kujaribu ndoana tupu iliyopakwa rangi tu. Samoni wakazidaka. Mbinu zake zilielezwa katika kitabu cha mwaka 1935, na mwandishi wake, kwa mzaha ambao sijui kama aliukusudia, alijiita Jock Scott, jina la kile kile chambo chenye mapambo. Hapa nimekutana na mtu anayejaribu, si anayesimulia tu. Hata hivyo, kitabu hicho kinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa maana mbinu ya Wood ya mshipi unaoelea ni ya maji yaliyokwisha kupata joto. Msomaji anayeipeleka mtoni mwezi wa Januari ameyachukua majibu ya mtihani mwingine.

Kwa nini? Nilipata kusimama kando ya mto Skagit mwezi wa Februari, nimevaa makoti mawili, nikimtazama mwanangu akivua, na hapo niliona kwa macho yale ambayo vitabu vingi huyapitia mbio. Maji yenye nyuzi 4 au 5 za Selsiasi humpooza samaki, kwa kuwa joto la mwili wake hufuata la maji. Hapandi juu kukifuata chambo. Hulala chini, mahali ambapo mkondo umepungua nguvu, na kitu kisipopita karibu naye tena polepole hakimhusu. Kwa hiyo mvuvi hufunga mbele ya mshipi kipande kizito kinachozama. Hurusha kuelekea ng'ambo, akilenga chini ya mto kidogo. Huunyanyua mshipi na kuupindua kuelekea juu ya mto ili mkondo usiuburure, huacha chambo kizame, kisha kinavuka mto taratibu kikipepea hadi kinapotulia upande wake. Hupiga hatua moja au mbili kuteremka, anarudia. Saa nzima, siku nzima. Kina na mwendo ndivyo anavyovitawala; rangi huja nyuma sana. Maji yakiwa na tope hutaka chambo kikubwa chenye umbo zito linaloonekana, yakiwa maangavu kidogo hutosha. Maneno haya yanaenea katika aya moja, nami nashangaa ni vitabu vingapi vimeshindwa kuyasema katika sura nzima.

Si kwamba umbo la chambo halina maana. Mvuvi wa Marekani Ed Ward na wenzake, katika miaka ya 1990, walibuni chambo waliochokiita Intruder, nami nakitofautisha kabisa na vile vya Kelson. Kina manyoya marefu, ya mbuni kwa mfano, yanayotikisika hata katika maji yanayokwenda polepole. Kinaonekana kikubwa bila kubeba maji mengi, hivyo mtu anaweza kukirusha. Na ndoana yake ndogo huning'inia nyuma kwa uzi. Kila sehemu ina kazi unayoweza kuitaja, na unaweza kuiondoa uone kama kazi hiyo imepotea. Hiyo ndiyo hoja. Kwa bahati mbaya wauzaji walikipokea, na sasa Intruder nacho kina ukoo mrefu wa rangi na majina.

Katika habari ya wauzaji, Wakenya tumo. Kwa miaka mingi vyambo vingi vinavyouzwa katika maduka ya Uingereza vimefungwa na mikono ya Wakenya, hasa wanawake, wakilipwa kwa idadi. Jirani yangu mmoja alifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nilimwonyesha picha katika kitabu, akazitambua karibu zote, akanionyesha hata mahali ambapo mchoraji amekosea kipimo cha mkia. Nikamwuliza ni kipi kinachonasa samoni zaidi. "Mwalimu," akanijibu, "mimi najua kinachoagizwa zaidi." Sijasoma uhakiki wa Kelson ulio mfupi kuliko huo.

Kitabu ninachokirudia ni *A River Never Sleeps* cha Roderick Haig-Brown, cha mwaka 1946. Alizaliwa Uingereza mwaka 1908, akahamia British Columbia, akawa hakimu katika mji wa Campbell River, akafariki mwaka 1976. Kitabu kimegawanywa kwa miezi, na Januari amempa stilihedi. Uamuzi huo wa mpangilio una uzito: msomaji huanza na mto wenyewe katika mwezi wake mgumu, na chambo huja baadaye, mahali panapokistahili. Kwake samaki ana maisha kabla ya kunaswa. Kasoro yake ni kwamba anamwandikia mtu anayeishi kando ya mto na kuuona kila siku. Mgeni aliyepewa ruhusa ya siku tatu hawezi kuujua mto kwa namna ile, naye Haig-Brown hampi njia ya mkato. Mimi naona afadhali kasoro hiyo kuliko njia za mkato za wengine.

Tangu mwaka 2007 stilihedi wa Puget Sound, wakiwemo wale wa Skagit, wako katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini, na huko Scotland tangu mwaka 2015 samoni yeyote anayenaswa kabla ya tarehe 1 Aprili lazima arudishwe mtoni. Kwa hiyo ningepewa kuhariri kitabu kipya cha uvuvi wa majira ya baridi, vyambo ningevipa kurasa mbili mwishoni: kimoja cheusi, kimoja cha rangi kali, vikubwa na vidogo, vizito na vyepesi. Kurasa zilizobaki ningezitumia kueleza jinsi ya kubana kimio cha ndoana kwa koleo kabla ya kurusha, na jinsi ya kumshika samaki kichwa kikielekea mkondo, ndani ya maji, bila kumwinua kwa ajili ya picha, hadi atakapoondoka mwenyewe.